Kabla hujafyatua .303 ya zamani

Ukiona .303 ya zamani, yaani bunduki ya Kiingereza ya Lee-Enfield, inauzwa, usianze na bei wala usikimbilie kuvuta bolti, kile chuma chenye mkono kinachofunga nyuma ya mtutu. Uliza karatasi zake. Huku kwetu Mufindi zipo nyumba ambazo bunduki ya marehemu imelala darini miaka mingi, na warithi wanaamini ni mali kama shamba au ng'ombe. Sivyo. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 mmiliki lazima awe na kibali chake mwenyewe, na kibali cha babu kiliisha na babu. Ukiikuta, usiibebe kwenye basi kwenda kuonyesha fundi Iringa mjini. Mwite mwenyekiti wa kijiji, toeni taarifa polisi, iondoke hapo kwa mikono yao. Ukitaka kuimiliki, maombi utayaanzia huku chini, kijijini au mtaani, mpaka yawafikie polisi. Ni safari ndefu, nami nasema iwe ndefu, kwa sababu silaha hizi zinaua leo kama zilivyoua 1942.

Mimi nilizizoea nikiwa askari wa wanyamapori. Niliyonayo sasa ni Lee-Enfield No. 1 Mk III* ya kiwanda cha Lithgow, Australia, ya mwaka huo huo 1942. Niliinunua kwa mkulima wa kahawa wa Mbozi, uhamisho ukapitia polisi. Naipenda kwa sababu babu yangu alikuwa Keya, askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapigana Burma, na .303 ndiyo bunduki aliyokuwa akiisimulia jioni zote.

Nyanda za Juu Kusini zimepitiwa na bunduki za kila namna. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo wapiganaji wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani walioongozwa na kamanda Zelewski na kuondoka na bunduki zinazokadiriwa 300. Mwaka 1914 askari wengi wa Wajerumani walikuwa bado na Mauser ya 1871: risasi moja moja ya milimita 11, baruti nyeusi, na moshi unaomwonyesha mpigaji alipojificha. Wakajiongezea silaha walizoteka kwa Waingereza na Wareno, na Oktoba 1918 kamanda wao Lettow-Vorbeck alipita Ubena na kikosi hicho kabla ya kuvuka kwenda Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Kwa hiyo usidhani kila bunduki ndefu yenye kitako cha mti ni .303. Soma chuma.

Kwenye Lee-Enfield No. 1, tazama upande wa kulia, kile chuma kinachoshika kitako nyuma ya mkono wa bolti. Hapo utakuta kiwanda (Enfield, BSA, Lithgow, Ishapore), mwaka, na aina. Kisha tafuta namba. Iliyopigwa nyuma ya mkono wa bolti ifanane na iliyoko kwenye mwili wa bunduki. Zikitofautiana, bolti imetoka kwenye bunduki nyingine, na hiyo haipigwi mpaka fundi mwenye leseni aipime kwa geji, kipande cha chuma cha kupimia nafasi ya risasi mbele ya bolti. Geji ya milimita 1.63 lazima bolti ifunge juu yake, ya 1.88 isifunge kabisa. Ikifunga, ganda la risasi halishikwi sawasawa nyuma, litachanika, na gesi yake itatokea karibu na jicho lako.

Ukiona herufi DP zimepigwa kwenye chuma au kwenye mti, hiyo ilitengwa kwa ajili ya gwaride na mafunzo. Si ya kupiga, hata iking'aa vipi. Ipo pia bunduki ya Ishapore inayofanana sana na .303, lakini inakula risasi ya milimita 7.62 na kasha lake la risasi lina umbo la mraba zaidi. Kwa Mauser za Kijerumani kuna hatari nyingine: mtutu wa mwanzo ulichongwa kwa risasi ya inchi .318, kuanzia 1905 jeshi likahamia .323. Kusukuma .323 ndani ya mtutu wa .318 ni kuomba msiba. Mtutu upimwe, usikisiwe. Na ile ya 1871 ya baruti nyeusi iache ukutani au makumbusho. Chuma chake hakikuumbwa kwa baruti ya kisasa.

Risasi nunua dukani kwa kibali chako, mpya za kiwandani. Zile za vita zinazotolewa kwenye makopo ya wazee nazikataa kabisa. Nyingine haziwaki, nyingine zinachelewa kuwaka. Ukivuta kifyatuo ukasikia "ka!" bila mlio, mtutu ubaki kwenye shabaha dakika nzima ndipo ufungue bolti.

Mahali pa kupigia ni kiwanja cha shabaha kilichoruhusiwa, chenye ukuta mnene wa udongo. Msitu wa misonobari wa Sao Hill unaonekana mtupu, lakini ndani yake kuna mama anayeokota kuni na mtoto anayetafuta uyoga, na risasi ya .303 inavuka kilomita mbili bila shida. Siku ya kwanza weka risasi moja tu. Piga, okota ganda, ligeuze kwenye mwanga. Mstari unaong'aa kulizunguka karibu na kitako cha ganda maana yake linavutika na kukaribia kukatika. Acha kupiga, rudi kwa fundi. Ganda likiwa safi, endelea. Ukijaza kasha, kila risasi ukingo wake ukae mbele ya ukingo wa ile iliyo chini yake, la sivyo zitang'ang'aniana. Kilengeo cha nyuma kinaanzia yadi 200, hivyo karibu mita 90 utapiga juu kidogo. Lenga chini, usikimbilie patasi.

Sasa usafi, na hapa ndipo wengi wanaziua bunduki zao. Risasi za zamani zina viwashio vinavyoacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huvuta unyevu, na unyevu huku hatuukosi: ukungu wa Mufindi, mvua za Tukuyu, baridi ya Njombe mwezi wa saba. Mafuta hayaiyeyushi, yanaifunika tu, na kutu inakula chini yake. Hata kama wewe unapiga risasi mpya, hujui waliokutangulia walipiga nini. Toa bolti, weka faneli nyuma ya mtutu, mimina birika la maji yanayochemka, yatokee mdomoni. Chuma kikipata moto kinajikausha chenyewe. Osha na uso wa bolti. Pitisha vitambaa vikavu mpaka kimoja kitoke safi, ndipo mafuta membamba. Kesho yake pitisha kitambaa tena. Kikitoka chekundu, rudia yote. Ndani ya kitako kuna kijumba cha kopo la mafuta na kamba ya kusafishia. Ukivikuta vya asili, vitunze.

Mti usipigwe msasa wala vanishi. Alama ndogo zilizogongwa humo ni historia ya bunduki, zikifutika hazirudi. Mafuta ya linsidi, tone moja moja, yasuguliwe kwa kiganja mpaka mti upate joto.

Hifadhi yake ni kabati la chuma lenye kufuli, bolti na risasi kila kimoja mahali pake. Usiiache ndani ya mkoba wa ngozi au turubai masika yote, kwa kuwa mkoba hushika maji. Mimi kila mwisho wa mwezi, kuanzia Novemba hadi Mei, naitoa, nautazama mtutu kwenye mwanga wa dirisha, napaka mafuta mapya.