Faiba na 4G kwenye ruta moja: moja ikikata, nyingine ishike

Ukiwa na faiba ya Mbps 20 na modemu ya 4G inayokupa Mbps 10, kuzichomeka kwenye ruta moja hakukupi Mbps 30 unaposhusha faili moja. Muunganisho mmoja hupita laini moja, mwanzo hadi mwisho. Unachopata ni mambo mawili: faiba ikikata, nyumba inahamia 4G bila mtu kugusa kitu, na unaweza kuamua kifaa kipi kitumie laini ipi. Ipo pia njia ya kugawa miunganisho yote kwa zamu, lakini nyumbani ina karaha zake. Tovuti ya benki ikiona mteja anaingia kwa anwani mbili za IP ndani ya dakika moja, inaweza kumtoa. Hiyo tunaiacha.

Mfano wetu ni ruta ya MikroTik ya matundu matano (ether1 hadi ether5), yenye mfumo wake wa RouterOS 7, mipangilio ya kiwandani. Kisanduku cha faiba kinaingia ether1, modemu ya 4G ether2, vyote kwa waya. Zima Wi-Fi ya kisanduku na ya modemu. Usipozima, simu zitaendelea kushika huko na kazi yote hii haitazigusa.

Kabla ya kuchomeka, angalia anwani. Tuseme kisanduku cha faiba ni 192.168.100.1 na modemu ni 192.168.8.1. Vyako vikiwa vyote 192.168.1.1, badilisha kimoja kwanza, maana ruta haitajua 192.168.1.1 ipi unaisema. Pia kisiwepo kinachotumia 192.168.88.x, huo ni mtandao wa ndani wa MikroTik.

Fungua Winbox, programu ya kupangia MikroTik, ukiwa umechomeka kompyuta ether3, si ether2, la sivyo utajifungia nje. Kwenye dirisha lake la Terminal, hifadhi mipangilio ya sasa kwa /export file=kabla, kisha andika:

/interface bridge port remove [find interface=ether2]
/interface list member add list=WAN interface=ether2
/ip dhcp-client set [find interface=ether1] add-default-route=no use-peer-dns=no
/ip dhcp-client add interface=ether2 add-default-route=no use-peer-dns=no
/ip dns set servers=8.8.8.8,8.8.4.4

Mstari wa pili ndio husahaulika. Bila huo, ether2 haifanyiwi NAT, yaani anwani za vifaa vya ndani hazibadilishwi kuwa ya ruta zinapotoka nje: laini ya akiba itaonekana hai, ruta yenyewe itapata intaneti, lakini simu na kompyuta hazitafungua hata ukurasa mmoja. DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP, nayo tumeipanga kwa mkono kwa sababu ile inayotolewa na kisanduku cha faiba hufa pamoja na faiba.

Sasa njia zenyewe (0.0.0.0/0 ni njia ya kwenda intaneti yote, na yenye distance ndogo hutumika kwanza):

/ip route
add dst-address=1.1.1.1/32 gateway=192.168.100.1 scope=10
add dst-address=9.9.9.9/32 gateway=192.168.8.1 scope=10
add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=1.1.1.1 distance=1 target-scope=11 check-gateway=ping
add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=9.9.9.9 distance=2 target-scope=11 check-gateway=ping

Kwa nini mzunguko huu wote? Fikiria wachimba barabara wamekata waya mtaa wa pili. Kisanduku chako sebuleni bado kinawaka, bado kinajibu pingi, yaani ule ujumbe mfupi wa kuuliza "upo?". Ruta inayokipima chenyewe itaapa kuwa faiba ni nzima, na nyumba nzima itakaa bila mtandao huku 4G ikiwa pembeni haina kazi. Kwa hiyo tunapima kitu kilicho nje kabisa: 1.1.1.1 imefungwa kupitia faiba tu, na 9.9.9.9 kupitia 4G tu. Ruta hupima kila sekunde 10, na ikikosa majibu mara mbili mfululizo huhamia njia ya akiba, yenye distance=2. Tarajia ukimya wa kama nusu dakika.

Hapo kuna mtego. Kwa kuwa 1.1.1.1 sasa inapita faiba pekee, simu au TV uliyoiwekea 1.1.1.1 kama DNS itakwama faiba ikikata, hata kama wengine wote wanaendelea. Iondoe humo, na 9.9.9.9 vilevile.

Kuchomoa waya wa ether1 ni jaribio la nusu tu, kwa kuwa tundu likizimika ruta inajua papo hapo. Jaribio la kweli ni kuchomoa polepole kile kichwa cha kijani cha faiba, taa nyekundu ya LOS (mwanga wa faiba umepotea) ianze kumeta, huku waya wa ether1 ukiwa mahali pake. Kifunike kisiingie vumbi na usichungulie ncha yake. Kisha andika /ip route print. Herufi A (njia inayotumika sasa) mbele ya 0.0.0.0/0 inapaswa kuwa imehamia kwenye 9.9.9.9.

Simu ya WhatsApp iliyokuwa hewani itakatika, hilo halina dawa. Lakini programu nyingine hubaki zimeganda kwenye miunganisho ya zamani, hasa tundu linapobaki hai. Zilazimishe kuanza upya, ruta ikishamaliza kuhama:

/tool netwatch add host=1.1.1.1 interval=10s down-script=":delay 30s; /ip firewall connection remove [find]" up-script=":delay 30s; /ip firewall connection remove [find]"

Kumpa mtu laini yake ni kazi fupi. Tuseme kompyuta ya kazini, 192.168.88.50 (ifanye anwani hiyo iwe ya kudumu kwenye DHCP Server, sehemu ya Leases), itumie 4G muda wote:

/routing table add name=laini2 fib
/ip route add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=9.9.9.9 routing-table=laini2 target-scope=11 check-gateway=ping
/routing rule add dst-address=192.168.88.0/24 action=lookup table=main
/routing rule add src-address=192.168.88.50 action=lookup table=laini2

Kanuni ya kwanza itangulie, isije kompyuta hiyo ikashindwa kuifikia ruta yenyewe. Neno lookup linairuhusu kurudi kwenye faiba 4G ikilala. Ukiandika lookup-only-in-table itabaki hapohapo hata laini ikifa.

Bando nalo lilinde. Faiba ikikata saa mbili usiku, TV haijui kuwa sasa inakula GB za kulipia. Kama TV ni 192.168.88.60:

/ip firewall filter add chain=forward src-address=192.168.88.60 out-interface=ether2 action=drop

Kisha iburute kwenye Winbox iwe juu ya kanuni ya fasttrack, ambayo hupitisha miunganisho haraka bila kuikagua tena.

Umeme ukikatika, vifaa vyote vitatu vinazima na yote haya hayana maana. UPS ndogo ya DC (betri ya akiba ya vifaa vidogo) inatosha, ila soma lebo ya kila adapta: volti, ampia, na upande wa chanya. Kisanduku kinachotaka volti 12 hakitawaka kwa 5, na cha 5 kikipewa 12 kinaungua.