Kumfundisha mgonjwa kuvuta pumzi anapoachishwa mashine

Mashine ikimpumulia mtu, kiwambo cha kifua, msuli mkuu wa kuvuta pumzi, hukaa bila kazi, na siku chache tu zinatosha kukisinyaza. Ndiyo sababu kuna mgonjwa ambaye mapafu yamepona, lakini kila akitolewa mashine huhema juujuu mpaka arudishwe. Dawa ni kuvuta hewa dhidi ya uzito, yaani ukinzani wa kifaa: uzito mkubwa kwa pumzi chache. Kumwacha ahangaike nusu saa na uzito mwepesi ni kumchosha bure.

Daktari aridhie kwanza. Mgonjwa awe macho na afuate maneno. Usianze ikiwa anahitaji oksijeni zaidi ya asilimia 60, shinikizo ambalo mashine hubakiza mapafuni mwisho wa kutoa pumzi limepita sentimita 15 za maji, anapumua zaidi ya mara 25 kwa dakika, au presha haijatulia.

Tumia kifaa cha springi chenye vali. Kifaa cha tundu jembamba tu hakifai: mgonjwa akivuta polepole anakwepa uzito, na wewe hujui. Vali haifunguki mpaka nguvu itimie. Kifaa kinachotumika sana huanzia sentimita 9 za maji na kukomea 41.

Pima nguvu yake kubwa ya kuvuta, kisha weka nusu. Akifikisha 36, anza na 18. Akiwa chini ya 18, nusu yake haifiki hata alama ya kwanza ya springi. Jaribu 9, na kama vali haifunguki, tafuta kifaa cha kielektroniki.

Mwinue kitandani hadi nyuzi 45 au zaidi, nyonya makohozi, hakikisha puto la mrija wa shingoni limejaa. Puto likivuja, hewa hupita pembeni na vali hukaa kimya. Unganisha kifaa kwenye mrija kwa kiungo laini chenye kichujio. Kisha mwambie: "Mzee, toa pumzi yote… haya, vuta kwa nguvu!" Sauti yako ina kazi hapa. Pumzi 6, mrudishe kwenye mashine apumzike dakika moja au mbili, rudia hadi seti 5. Mara moja kwa siku, siku 5 kwa wiki, asubuhi kabla ya kuogeshwa, maana kuogeshwa peke yake humaliza nguvu.

Sikiliza vali: ikifunguka, hewa husikika. Pumzi ya sita iwe ngumu lakini iwezekane. Ikipita kirahisi, ongeza 1 au 2, ikishindikana, punguza. Pima upya kila wiki.

Simamisha mara moja oksijeni ya damu ikishuka chini ya asilimia 90, mapigo ya moyo yakivurugika, pumzi zikipita 35 kwa dakika, au tumbo likiingia ndani kifua kinapopanda.

Mrija ukishatolewa, anaendelea kwa mdomo, pua ikibanwa kwa klipu. Kosa hapa ni kuvuta kwa mashavu, kama anayefyonza dafu kwa mrija. Mashavu yakibonyea, mwambie avute kutoka tumboni. Watu wa nyumbani wakimsihi aongeze seti saa ya kuona wagonjwa, wakataze kwa upole.

Kila mgonjwa na kifaa chake. Kioshe kwa maji vuguvugu na sabuni, ukisuuze kwa maji matamu: maji ya kisima ya Mombasa mara nyingi yana chumvi, na chumvi ikigandia kwenye vali, hukwama. Kikauke kabisa kabla ya kufunikwa, hasa miezi ya joto na unyevu.