Somo: Bizcocho, keki ya Kihispania inayopimwa kwa kikombe cha yogati

Katika nyumba nyingi za Hispania, keki ya asubuhi na ya alasiri ni bizcocho, ambayo haipakwi krimu, bali hukatwa na kuliwa pamoja na kahawa ya maziwa. Aina iliyo rahisi zaidi haihitaji mizani, kwa sababu kikombe cha yogati cha gramu 125, kikishamiminwa, ndicho kinachopimia vitu vingine.

Hatua ya kwanza: Piga mayai 3 na vikombe 2 vya sukari kwa dakika tano au zaidi, hadi mchanganyiko uwe mweupe na kuumuka. Usiharakishe hapa, maana hewa inayoingia sasa ndiyo itakayosaidiana na bekingi pauda kuinua keki.

Hatua ya pili: Tia yogati, kikombe 1 cha mafuta ya alizeti, au ya zeituni yasiyo makali, na ganda la limau lililokunwa, bila sehemu yake nyeupe, ambayo ni chungu.

Hatua ya tatu: Chekechea humo vikombe 3 vya unga wa ngano na gramu 16 za bekingi pauda, uchanganye polepole, kisha uoke kwa nyuzi 180 kwa dakika 35 hadi 40, bila kufungua oveni katika nusu saa ya kwanza.

Kwa hesabu yangu, keki ikikatwa vipande 12, kila kipande kina takriban kilokalori 240 na gramu 17 za sukari, ilhali Shirika la Afya Duniani huona ni bora zaidi mtu mzima asizidishe gramu 25 hivi kwa siku. Ndiyo maana mimi hutia kikombe kimoja na nusu tu, na limau husikika vizuri zaidi.

Swali: Mwalimu, sina oveni. Je, jiko la mkaa litafaa?

Jibu: Litafaa, ndugu yangu. Weka makaa machache chini ya sufuria na mengi juu ya mfuniko, kisha uchome keki kwa kijiti; kikitoka kikavu, imeiva.

Swali: Mama yangu ana kisukari. Nikitumia mafuta ya zeituni, anaweza kula bila wasiwasi?

Jibu: Hapana. Mafuta hayo yana sifa zake, lakini hayaondoi sukari, na unga wenyewe hugeuka sukari mwilini. Muulizeni kwanza daktari wake kuhusu kiasi, kisha mumkatie kipande chembamba.