Nyoka wa Nyumbani: Mtazame Kichwa Kabla ya Kuinua Jembe

Baada ya mavuno ya mtama na uwele, magunia yanapoanza kupangwa ghalani, ndipo wakulima wengi wa Dodoma wanapomkuta nyoka mwembamba wa kahawia amejikunja chini ya chaga. Kwa kawaida huuawa papo hapo. Kwa maoni yangu hiyo ni hasara ya mkulima mwenyewe, kwa sababu mara nyingi anayeuawa ni nyoka wa nyumbani, wa jenasi ya Boaedon, ambaye hana sumu na aliyefuata panya tu.

Alama ya kuangalia kwanza ni kichwa. Kila upande wa kichwa una mistari miwili ya rangi ya maziwa: wa juu huanzia puani, hupita juu ya jicho na kuishia kisogoni, na wa chini hutoka chini ya jicho hadi pembe ya mdomo. Magamba ni laini, yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, na tumbo ni jeupe. Wengi hufikia sentimita 60 hadi 90, na jike humzidi dume. Mboni ya jicho lake imesimama wima, jambo ninalolitaja makusudi, kwa kuwa wapo wanaoamini kwamba kila nyoka mwenye mboni ya wima ana sumu, ilhali koboko, ambaye sumu yake inajulikana na kila mtu, ana mboni ya duara.

Kifutu, ambaye ana sumu, hafanani sana na nyoka wa nyumbani: ni mnene, mkia wake ni mfupi, magamba yake yanakwaruza na mgongoni ana alama zinazofanana na herufi V. Anayenitia hofu ni yule nyoka mdogo mweusi, anayeishi ardhini na kujitokeza mvua zinapoanza. Naye anang'aa, lakini hana mistari kichwani, macho yake ni madogo mno, na mkia wake mfupi huishia kwa ncha kali. Meno yake ya sumu hutokeza pembeni hata akiwa amefumba mdomo, kwa hiyo hata ukimkamata nyuma ya kichwa atakuchoma. Ndiyo maana nasisitiza kwamba nyoka hutambuliwa kwa macho, kutoka mbali, na kamwe si kwa mkono.

Katika kijiji kimoja cha Chamwino nilimkuta kijana amekwisha kuinua jembe, na mama yake amesimama mlangoni. "Mwanangu, nyoka ni nyoka," mama aliniambia. Nilimwomba amulike tochi kichwani mwa nyoka yule, na mistari ikaonekana wazi. Katikati ya mwili palikuwa na uvimbe wa panya aliyemezwa usiku ule. Jembe likashushwa.

Panya shamba hubeba mimba kwa siku 23 hivi na huweza kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa mkupuo. Paka humsubiri nje ya shimo, lakini nyoka huyu huingia humo humo usiku, humng'ata panya, humzungushia mwili na kumbana mpaka damu isitembee, na akikuta kiota huwamaliza watoto wote. Mkulima anayetega sumu ya panya aelewe kwamba nyoka akimla panya aliyekula sumu anaweza kufa naye. Ni heri kuziba matundu, kuinua magunia juu ya chaga mbali na ukuta, na kufagia nafaka iliyomwagika.

Nyoka wa nyumbani akiingia chumba cha kulala, fungua mlango, waondoe watoto, na umwelekeze nje kwa ufagio wa mpini mrefu. Mtu akiumwa na nyoka asiyetambulika kwa hakika, asichanjwe kwa wembe, asifungwe kamba wala kuwekewa jiwe jeusi linalodaiwa kufyonza sumu; kiungo kitulizwe na apelekwe hospitali mara moja.

Nyoka wa nyumbani hutaga mayai 8 hadi 18 penye joto na unyevu, na lundo la samadi humfaa sana. Ukichota samadi ukaona mayai meupe yenye ganda laini, usiyaguse, kwani nyoka wengine nao hutaga mahali kama hapo. Yafunike ulivyoyakuta, kisha uchote upande wa pili wa lundo.