Somo: Namna ya Kupima Ujuzi wa Mfanyakazi katika Kusanifu na Kutumia Hifadhidata Changamano

Somo hili nimeliandika kwa ajili ya wasimamizi, wakufunzi na wakuu wa vitengo waliopewa jukumu la kuthibitisha kwamba mfanyakazi anaweza kusanifu hifadhidata yenye majedwali mengi yanayohusiana, na kuitumia pasipo kuharibu kumbukumbu za wenzake. Mara nyingi mtathmini huonyeshwa hifadhidata iliyokwisha kukamilika, fomu zake zinapendeza na ripoti zake zinachapika, naye hutia saini. Nilimpitisha mwenzetu mmoja kwa njia hiyo, na miezi michache baadaye tukagundua kwamba ripoti yake ilikuwa ikihesabu saa za mafundi mara mbili na hata mara tatu. Sikuwa nimemwuliza swali ambalo sasa naliuliza katika kila hatua: umejuaje kwamba jibu hili ni sahihi?

Hatua ya 1: Andaa kazi yenye utata wa kweli

Usimpe mfanyakazi orodha ya majedwali, kwa kuwa ukifanya hivyo utakuwa umemfanyia nusu ya kazi. Mpe maelezo ya shughuli kama anavyoyatoa mtu asiyejua hifadhidata. Mimi hutumia mfano wa karakana: kifaa kimoja chaweza kurudi kutengenezwa mara nyingi, kazi moja yaweza kufanywa na mafundi kadhaa, na kila fundi hushika kazi kadhaa, kila kazi hutumia vipuri vya aina mbalimbali kwa idadi tofauti.

Acha pengo moja kwa makusudi. Katika maelezo yangu sisemi kama bei ya kipuri hubadilika. Mfanyakazi makini huuliza, kwa sababu jibu linabadilisha usanifu: ikiwa bei hubadilika, basi bei iliyotumika siku ile sharti iandikwe pamoja na kazi yenyewe, la sivyo bei mpya ikiingizwa, gharama za kazi za mwaka jana nazo zitabadilika. Asiyeuliza hajashindwa papo hapo, lakini andika kwamba hakuuliza.

Hatua ya 2: Dai mchoro kabla ya kompyuta

Mpe karatasi na kalamu. Tangu Peter Chen alipoeleza mwaka 1976 namna ya kuchora vitu na mahusiano yake, mchoro umebaki kuwa njia nyepesi ya kuona mtu anavyofikiri. Tazama kwanza uhusiano wa wengi kwa wengi kati ya mafundi na kazi, ambao unahitaji jedwali la kati lenye ufunguo wa fundi (yaani nambari inayomtambulisha yeye peke yake), ufunguo wa kazi na saa alizofanya. Ukikuta jedwali la kazi lina safuwima zinazoitwa Fundi1, Fundi2 na Fundi3, usimsahihishe. Mwulize fundi wa nne ataandikwa wapi, kisha mwulize atatafutaje kazi zote za fundi mmoja ilhali jina lake laweza kuwa katika safuwima yoyote kati ya hizo tatu. Anayeona kasoro mwenyewe na kuchora upya ameonyesha ujuzi mkubwa kuliko yule aliyekariri majina ya kanuni za kugawa majedwali bila kuweza kuzitumia.

Hatua ya 3: Kagua aina za data

Hatua hii haichukui muda mrefu. Nambari ya simu iliyowekwa kama tarakimu hupoteza sifuri ya mwanzo. Tarehe iliyowekwa kama maandishi haipangiki kwa mfuatano wa kweli. Umri ulioandikwa badala ya tarehe ya kuzaliwa huwa si sahihi ndani ya mwaka mmoja. Kiasi cha fedha kihifadhiwe kwa aina ya desimali kamili, si ile ya makadirio.

Hatua ya 4: Jaribu kuiharibu

Keti naye, mwombe akupe nafasi, kisha ingiza kazi ya kifaa kisichokuwapo. Ingiza kifaa kilekile mara mbili. Mfute fundi mwenye kazi tano. Hifadhidata iliyosanifiwa vizuri itayakataa haya yenyewe, kwa funguo na masharti yaliyowekwa ndani ya majedwali. Isitegemee fomu peke yake, kwa maana kesho mtu ataingiza data kwa njia nyingine na fomu haitakuwapo kumzuia. Ikiwa kumfuta fundi kunafuta na kazi zake zote, mwulize kama alilikusudia hilo. Katika shughuli nyingine ndivyo inavyotakiwa, lakini katika karakana kumbukumbu ya kazi sharti ibaki hata fundi akiondoka.

Hatua ya 5: Pima maulizo kwa data ndogo unayoijua

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko hatua nyingine zote, na nawasihi wenzangu msiipite haraka. Maulizo, yaani amri tunazoiandikia hifadhidata ili itutolee majibu, huweza kuwa na makosa makubwa bila kutoa onyo lolote.

Tengeneza kazi moja tu. Iwe na mafundi wawili, mmoja saa 4 na mwingine saa 5, na aina tatu za vipuri zenye idadi ya 1, 2 na 4. Jumla za kweli ni saa 9 na vipuri 7. Mwambie mfanyakazi aandike ulizo moja linalotoa jumla zote mbili. Akiunganisha jedwali la kazi, la mafundi na la vipuri kwa pamoja kisha akajumlisha, kila fundi atakutanishwa na kila kipuri, zipatikane safumlalo 6, na ripoti itaonyesha saa 27 na vipuri 14. Hifadhidata haitalalamika, kwa kuwa imefanya sawasawa kile ilichoombwa.

Mfanyakazi stadi huzitazama safumlalo zenyewe kabla ya kujumlisha, akaona marudio, kisha akajumlisha saa peke yake na vipuri peke yake kwa kila kazi, ndipo akaunganisha matokeo. Akikimbilia kujumlisha kwa DISTINCT, neno linaloiambia hifadhidata ihesabu thamani zinazofanana mara moja tu, ili kuondoa marudio, mpe kazi nyingine ambayo mafundi wawili wamefanya saa 4 kila mmoja: jumla yake itatoka 4 badala ya 8. Mwache aeleze sababu kwa maneno yake.

Hatua ya 6: Ulinzi na urejeshaji

Usitosheke na kauli kwamba nakala rudufu huchukuliwa kila usiku. Mwombe airejeshe nakala mahali pa majaribio mbele yako, kisha alinganishe idadi ya safumlalo. Angalia pia kwamba mtumiaji wa kusoma ripoti hana ruhusa ya kufuta.

Hatua ya 7: Andika uamuzi pamoja na ushahidi

Hifadhi mchoro wa kwanza na ule uliosahihishwa, maulizo, matokeo yake, na majibu aliyoyatoa kwa mdomo. Andika alichofanya peke yake na alichofanya baada ya kudokezwa, kwa sababu atakayesoma tathmini hiyo baadaye anahitaji kuijua tofauti hiyo.

Maswali ya wanachama

Swali: Ndugu mkufunzi, ahsante kwa somo. Katika kitengo chetu watu huunda maulizo kwa kuchagua na kuburuta vitu kwenye skrini, na hawaandiki SQL, yaani lugha ya kuandikia maulizo. Je, wahesabiwe kuwa hawana ujuzi?

Jibu: Hapana, ndugu. Edgar F. Codd alipopendekeza mfumo wa majedwali yenye mahusiano mwaka 1970, SQL ilikuwa bado haijatungwa. Fikra ilitangulia lugha. Mpe zoezi la hatua ya 5 kwa chombo anachokitumia kila siku. Kosa la saa 27 hutokea kulekule, na namna ya kulitambua ni ileile. Lakini ikiwa wadhifa unamtaka aandike SQL, basi na hilo lipimwe wazi.

Swali: Nifanyeje iwapo mfanyakazi ameandikiwa maulizo yote na programu ya akili mnemba?

Jibu: Mimi simkatazi, maana kazini ataitumia. Ninachofanya ni kubadilisha sharti moja mbele yake. Kwa mfano, kwamba sasa kazi moja yaweza kuhusu vifaa viwili. Aliyeelewa usanifu wake ataonyesha mara moja ni jedwali lipi linabadilika na ni ripoti zipi zitaathirika. Asiyeelewa atasubiri jibu la programu, na hata akilipata hatakuwa na namna ya kulikagua.

Swali: Hifadhidata zetu halisi zina taarifa za siri. Tutapataje ushahidi wa kazi ya kweli?

Jibu: Chukueni muundo wa majedwali bila data, kisha mjaze data za kubuni. Kufuta majina pekee hakutoshi, kwa kuwa tarehe ya kuzaliwa ikikaa pamoja na cheo huweza kumtambulisha mtu.

Swali: Nimelijaribu zoezi la karakana. Nilitafuta vifaa visivyowahi kutengenezwa kwa kutumia NOT IN (sharti la "haimo katika orodha"), ulizo likarudi tupu ilhali najua viko viwili. Nimekosea wapi?

Jibu: Katika jedwali lako la kazi kuna safumlalo ambayo nambari ya kifaa haikujazwa. Hifadhidata ikilinganisha kifaa na thamani isiyojulikana, haiwezi kusema kwamba havifanani. Husema haijui, na kifaa hicho huachwa nje. Thamani tupu moja yatosha kuondoa vifaa vyote. Andika upya kwa NOT EXISTS (sharti la "hakuna safumlalo inayolingana"), utaviona vifaa vyako viwili. Kisha rudi kwenye hatua ya 4: safuwima hiyo ilipaswa kuwa ya lazima tangu mwanzo, na kabla ya kuifanya hivyo itafute ile kazi isiyo na kifaa, uulize ilikuwa ya kifaa gani.