Somo: Chungu cha karatasi kinachobebwa kama chungu cha udongo

Nimeombwa somo hili mara nyingi. Naliandika sasa kwa sababu chungu chenyewe kiko mezani kwangu, kinakauka.

Kikundi chetu hapa Moshi kinafanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza kuhusu Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900. Katika onyesho la pili mama mmoja anaingia na chungu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, kichwani, anakitua, anawakaribisha wazee, na wakiwa wanapokezana kata ya kunywea ndipo mjumbe anafika na habari kwamba Mangi amekamatwa. Chungu kile kinapita mikononi mwa watu wanne kwa dakika saba. Mmoja wao akikishika kama boksi, dakika zote saba zimeharibika.

Nasema hivyo kwa kuwa yalinikuta. Miaka michache iliyopita, katika mchezo mwingine, nilitengeneza chungu kilichopendeza sana machoni. Usiku wa kwanza dada aliyekibeba alikitua mbele ya maiti ya mumewe, kikadunda, kikabiringika hadi ukingoni mwa jukwaa kwa mlio wa boksi tupu. Ukumbi ukacheka. Yule dada alikuwa analia machozi ya kweli, yakakauka palepale. Nilikuwa nimeyashughulikia macho ya watazamaji nikausahau mkono wa mwigizaji na sikio la ukumbi.

Mtu atauliza, si utumie chungu chenyewe? Chungu cha ukubwa huo kikijaa kinapita kilo 20. Kwa mazoezi ya wiki sita hakiwezi kupona, na vigae vyake chini ya nyayo za wacheza ngoma walio peku ni hatari. Na sisi tunasafiri kwa daladala.

Kwanza, mpime mwigizaji

Usianze na karatasi. Mwite atakayekibeba, mpe ndoo yenye ukubwa unaokaribiana na chungu, aiweke kichwani juu ya ngata, atembee. Ongeza mchanga nusu kilo nusu kilo. Mwanzoni atatembea kama mtu aliyevaa kofia. Itafika mahali shingo inanyooka, hatua zinafupika, na wakati wa kutua magoti yanatangulia kukunjika kabla ya mgongo. Hapo simama, pima. Kwa dada yetu ilikuwa kilo 4. Zaidi ya hapo utamchosha bure, maana mchezo una saa nzima mbele yake. Chini ya hapo itabidi aigize uzito, na kuigiza uzito ni kazi ngumu kuliko kuubeba.

Angalia pia anaposhika. Wengi hushika shingo ya chungu kwa mkono mmoja na kitako kwa mkono wa pili. Sehemu hizo mbili zitahitaji matabaka zaidi.

Kalibu

Kalibu ni umbo utakalobandikia karatasi juu yake. Azima chungu halisi. Mimi nilikiazima kwa bibi mmoja jirani ambaye bado hupikia ndizi za mbege. Kipake mafuta ya mgando nje yote, kisha kizungushie mfuko laini wa nailoni, ukiuvuta usiwe na mikunjo mikubwa. Puto watu wengi wanalipenda, lakini puto huzaa umbo la puto. Chungu kilichofinyangwa kwa mkono kina upande mmoja ulioshuka kidogo, na upande huo ndio unaomwambia mtazamaji kwamba kuna mtu alikikalia chini akakifinyanga.

Uji wa kubandikia

Kikombe 1 cha unga wa ngano, vikombe 5 vya maji. Koroga unga na kikombe kimoja cha maji baridi hadi mabonge yaishe, vingine vinne vichemshe, mimina huku unakoroga mpaka uji ung'ae. Tia vijiko 2 vya chumvi, vinachelewesha ukungu. Unga wa muhogo nao hushika vizuri. Ukipoa ndipo uutumie.

Matabaka

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu wanaharakisha.

Chana karatasi kwa mkono, usikate kwa mkasi. Ukingo uliochanwa una nyuzi zinazolala juu ya jirani yake, ukingo wa mkasi unaacha ngazi ambayo rangi itaionyesha hadi viti vya nyuma. Gazeti lina upande linakochanika moja kwa moja na upande linakopinda hovyo, jaribu pande zote mbili utauona. Vipande viwe vya upana wa vidole viwili.

Tabaka la kwanza gazeti, la pili karatasi ya kaki ya mfuko wa saruji, la tatu gazeti, la nne kaki. Kupishanisha kuna sababu mbili. Kaki ndiyo yenye nguvu. Na rangi zikitofautiana unaona mara moja mahali ulipopasahau. Mifuko ya saruji inapatikana bure penye ujenzi wowote, lakini tumia karatasi za katikati, uzikung'utie nje, na uzifute kwa kitambaa chenye maji. Vumbi la saruji hula ngozi ya mikono na kifua hakilipendi.

Bandika matabaka matatu, acha yakauke, bandika matatu mengine. Kwenye shingo na kitako fikisha manane. Kausha kivulini penye upepo. Jua kali la Januari hapa Moshi linakausha ngozi ya juu huku ndani kukiwa kubichi, na chungu kinapinda. Kipindi cha masika subiri hata siku tatu kwa kila awamu. Kujua kama kimekauka, kiegemeze shavuni. Kikiwa baridi, ndani bado kuna maji.

Kukivua

Kabla ya kukata, chora kwa kalamu mstari wa wima unaozunguka chungu, halafu chora vistari vifupi vinavyoukatiza kila baada ya sentimita 5. Kata kwa wembe wa kisu taratibu ukifuata mstari. Nusu mbili zikitoka, vile vistari ndivyo vitakavyokuonyesha zinavyokutana. Bila hivyo utaunganisha kombo na hutajua kosa liko wapi.

Uzito na mlio

Kabla ya kuunganisha, fanya kazi ya ndani. Kata kipande cha mbao cha mviringo, unene wa sentimita 2, ukigundishe kitakoni kwa gundi nyeupe ya mbao. Juu yake weka mfuko wa kitambaa wenye mchanga mkavu, ulioshonwa pande zote. Pima chungu kitupu kwanza ili ujue mchanga unaotakiwa kufikia uzito wa mwigizaji wako; changu kilihitaji kilo 2 na robo. Bandika vipande vya kaki juu ya mfuko, vishikamane na kuta, mchanga usitembee. Mchanga unaotembea unasikika, na unamyumbisha mbebaji.

Sasa chungu kikituliwa sakafuni kinatoa mlio mzito, mfupi, na kinabaki pale pale.

Kama watu watakunywa kweli, ning'iniza ndani ya shingo chombo cha plastiki cha lita 2 kinachotoka na kuoshwa, na uzito wa maji uuhesabu katika zile kilo zako. Sisi tunatia uji mwembamba wa ulezi uliopoa. Mbege yenyewe ina ulezi, kwa hiyo rangi inafanana, na mwigizaji anabaki na akili zake. Unganisha nusu mbili, ziba kiungo kwa matabaka manne.

Rangi

Paka rangi nyeupe ya maji mara moja. Halafu chukua udongo mwekundu, upitishe kwenye chujio la chai, changanya na gundi nyeupe na maji hadi uwe kama mtindi. Paka kwa mkono, usipake kwa brashi, alama za vidole zibaki. Hakuna rangi ya dukani inayoupata wekundu huu, kwa sababu hii si rangi, ni udongo. Kikikauka, sugua masizi ya sufuria kuanzia kitakoni kwenda juu, yakiwa mazito pale mafiga yangegusa. Chini ya mdomo wa chungu zungusha kahawia iliyokolea. Mwanga wa jukwaani hufuta vivuli, inabidi uvirudishe. Usipake vanishi inayong'aa.

Baada ya hapo kina makazi yake. Kwenye meza ya vifaa nyuma ya pazia tandika karatasi, chora duara la kitako chake, andika jina. Duara likiwa tupu wakati usiostahili, kila mtu anaona kabla mchezo haujaanza.

Maswali ya wanachama

*Kijana wa Himo:* Shikamoo fundi. Katika mchezo wetu chungu kinavunjwa kwa hasira. Nitengeneze vya karatasi vingapi?

Marahaba mwanangu. Karatasi haivunjiki, inabonyea. Chukua vyungu vidogo vya maua, kimoja kwa kila usiku na viwili vya mazoezi. Kivunje mwenyewe ndani ya gunia, gundisha vipande kwa uji bila gundi ya mbao, na ndani bandika kitambaa cha chachi ili vigae visirukie watu. Lakini mwongozaji akikubali, mwigizaji atoke nacho nyuma ya pazia na ukumbi usikie tu. Gunia la vigae likiangushwa sakafuni linatosha, na ukimya unaofuata unakuwa mkubwa zaidi.

*Mwalimu wa sekondari, Arusha:* Wanafunzi wangu wanahitaji mikuki kumi na bunduki mbili za askari wa Kijerumani. Nahofia usalama.

Ni vema umehofia, mwalimu. Bapa la mkuki kata kwenye raba ya kandambili, bandika mbili pamoja na waya katikati, ncha iwe ya mviringo. Paka rangi ya fedha, kisha nyeusi iliyozimuliwa kwa maji uifute, ionekane chuma kilichonolewa. Mpini uwe mti wa mgrevilea uliokauka na kulainishwa kwa msasa. Bunduki zichongwe kwa ubao mmoja, na mtutu uwe bomba la kupitishia nyaya za umeme. Zisafirishwe ndani ya gunia, na uongozi wa mtaa na polisi waambiwe mapema. Bunduki halisi isiingie ukumbini hata ikiwa tupu. Mwanafunzi asilenge mwenzake, alenge pembeni yake. Kutoka kwenye viti hakuna atakayeona tofauti. Mlio upigwe kwa ngoma.

*Dada wa kwaya, Kibosho:* Tunaweza kuwasha moto wa kweli kwenye mafiga? Ni mdogo tu.

Hapana, dada. Jukwaa la Chuo cha Sanaa Bagamoyo liliungua mwaka 2002, na lile lilikuwa la watu wenye ujuzi. Weka taa ndogo ya betri chini ya karatasi ya nailoni ya rangi ya chungwa, kuni juu yake, na mtu apepee kwa kawa. Mkono unaopepea ndio unaowasha moto.

*Mzee wa Old Moshi:* Nimesikia mmeweka isale, jani letu la heshima sisi Wachagga, mchezoni. Isale si la kuchezea. Mtu akikuletea isale amekuja kuomba msamaha, huwezi kumkatalia. Tengenezeni la karatasi.

Shikamoo mzee wangu. Nimelifikiria neno lako siku mbili. Tulianza na la karatasi, na mwigizaji alilishika kama karatasi. Tukaenda kwa wazee wawili wa ukoo wa mmoja wetu, wakatuelekeza namna ya kulikata na kulikabidhi, na wakaturuhusu litumike mara moja tu, katika onyesho la mwisho. Mazoezini tunatumia jani la mgomba. Baada ya mchezo linarudishwa shambani, halitupwi jalalani. Kama bado unaona tumekosea, naomba nije nyumbani tuzungumze.

*Mzee wa Old Moshi:* Marahaba. Njoo Jumamosi. Na hiyo kata yenu, nimeiona pichani, mpini mfupi mno. Nitakuonyesha ya kweli.

*Mama wa Rau:* Nina chungu cha marehemu mama mkwe. Nikikitumia kama kalibu kitaharibika?

Hakitaharibika, mama, nailoni ikikifunika vizuri na wembe ukate karatasi tu. Nami huweka ukanda wa kadibodi chini ya mstari wa kukatia kabla ya kubandika tabaka la kwanza, wembe ukizidi uishie hapo. Mafuta ya mgando yatoe kwa maji ya moto na majivu, siyo sabuni ya unga, udongo unanyonya harufu. Kikaushe siku nzima kikiwa kimeinamishwa kabla hujakirudisha jikoni.