Ukitafuta nyayo za Tabora Jazz, mpigie mzee wimbo kwanza

Jumamosi nilikodi bodaboda ya kijana wa Isevya anitembeze Tabora kwenye maskani ya wanamuziki wa zamani wa bendi ya Tabora Jazz. Saa nzima tukiuliza "bendi ilikuwa wapi?" tunaambiwa "zamani sana hiyo." Dawa ilikuwa hii: pakua nyimbo mbili tatu kwenye simu kabla ya kutoka, mwamkie mzee, kaa, mpigie wimbo, halafu nyamaza. Usiulize mwaka wala jina la ukumbi. Majengo yamebadilika majina na wenyewe, lakini gitaa la Segere Matata, mtindo wa bendi hiyo, halijamtoka mtu kichwani. Fundi cherehani mmoja aliacha kukanyaga pedali, akaimba kiitikio chote, ndipo akamwelekeza dereva wangu: pita miembe ile, kata kushoto. Dereva mwenyewe alikuwa hapajui, na kazaliwa hapa hapa!

Inagoma wapi? Spika ya simu kwenye kelele za soko haisikiki, kwa hiyo beba kispika kidogo. Karibu na adhana usithubutu. Halafu Tabora ilikuwa na bendi za Nyanyembe Jazz na Kiko Kids pia, na wazee huzichanganya. Mpigie mzee wa pili wimbo uleule kabla hujapiga picha ukuta wa watu. Na nyumba aliyozaliwa Shem Karenga, mwanamuziki wa Tabora Jazz, usiitafute huku, yeye ni wa Kigoma. Panda treni.